Kijiti cha Chuma

Chuma kililia chini ya msumeno kama kitu kinachochinjwa. Domitille alikuwa amelibana bomba la maji kati ya magoti, gauni la Misa likiwa limepandishwa hadi mapajani, na kutu ilimwangukia viatuni. Kipande kilipokatika alikigonga kwenye ukingo wa baraza. Saruji ikamomonyoka. Bomba halikupata hata mkwaruzo.

"Shika," alimwambia binti yake.

Bulonza alikipima mkononi jinsi mkimbiaji anavyopima kijiti cha kupokezana. "Mama, hii iko muzito."

"Ile ya muti ilivunjika."

"Ba-arbitre batakataa," Bulonza alisema, akiwafikiria waamuzi wa mbio.

"Kila klabu inaleta kijiti yake, na hakuna penye waliandika uzito. Sikia. Bolumbu akikufungia njia, unamupiga hapa." Domitille alijigusa kifundo cha mkono. "Mara moja. Kisha unakimbia. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi kula. Tumbo mutupu haikimbie."

Kijiti cha mti kilikuwa kimevunjikia chini ya mbavu za Cibalonza. Katika raundi iliyopita ya ligi ya riadha, kwenye kona ya mwisho, Bolumbu wa klabu ya kambi ya askari alimkanyaga kisigino kwa kiatu cha misumari. Hakuteleza. Alikanyaga, kama mtu anavyokanyaga mende. Mshipa ulikatika kwa mlio uliofika hadi walipokaa watazamaji, na Cibalonza, msichana mwenye mbio kuliko wote waliowahi kuvaa fulana ya Kasha, klabu aliyoifundisha Domitille, sasa alitembea na fimbo. Mwamuzi mkuu, mwalimu mstaafu aliyeitwa Papa Ntabarusha, alipoulizwa alisema hakuona kitu. Baba yake Bolumbu alikuwa mkubwa kambini.

Waamuzi wa ligi ile hawakuona viwiko, hawakuona mateke, hawakuona misumari. Walichokiona ni kamba. Kamba ya katani ilizungushwa uwanja mzima kuwatenga watazamaji na wakimbiaji, tangu mwaka ule watu walipomiminika kwenye njia na mzee mmoja akakanyagwa hadi kufa. Asiye mkimbiaji akivuka kamba mbio zikiendelea, klabu yake inafutwa kwenye mashindano hayo, awe nani. Hata wanajeshi waliiheshimu. Ilikuwa sheria pekee isiyokuwa na ndugu.

Na Jumapili hiyo Kasha haikuwa na nafasi ya kufutwa. Kabla ya mbio za kupokezana vijiti, Kasha na Kambi zilikuwa mkiani, sawa kwa pointi. Atakayemaliza nyuma ya mwenzake anatoka kwenye ligi. Wakuu wa komini, serikali ya mtaa, walikwisha kumwambia Domitille bila kuficha: klabu ikitoka, kile kiwanja chao kitagawanywa viwanja vya nyumba. Yeye na wasichana wake walikuwa wameking'oa mawe kwa majembe msimu mzima wa kiangazi, mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Hakuwa tayari kukiona kikipandwa vyoo vya watu wengine.

Basi alikuwa amekata bomba.

*

Uwanjani, kelele zilikuwa za mnada wa ng'ombe. Upande wa juu walisimama watu wa kambi, wengine na mishipi yao ya ngozi wameizungusha ngumini. Upande wa chini, ambako ziwa lilionekana nyuma ya mabati, walisimama watu wa Kasha na wachuuzi wa soko la Nyawera waliokuja kuona damu.

"Kasha! Murudi mukalime mihogo!"

"Na nyinyi murudi mukafue soksi za ba-commandant!"

Spika iliwaita wakimbiaji kwa majina ya ukoo tu. Majina ya ubatizo, ya Kizungu, yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali, na mjumbe wa chama tawala alikuwa ameketi jukwaani kuhakikisha hakuna ulimi unaosahau. Domitille mwenyewe aliitwa Mama Bulonza na kila mtu. Jina lake na lile alilompa binti yake kwenye maji ya kanisa yalibaki nyumbani, wakati wa sala, mlango ukiwa umefungwa.

Cibalonza alijikongoja mpaka kando yake, fimbo kwapani. "Mama Bulonza, umemupa ile chuma?"

"Nimemupa."

"Merci, mama." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu aliyepewa chai.

Bastola ililia. Mizunguko mitatu ya mwanzo ilikuwa vita ya kawaida. Msichana wa kwanza wa Kasha alipigwa kumbo, akaweka goti chini, akainuka na ngozi ikining'inia. Wa pili alimvuta mwenzake fulana mpaka ikapasuka begani. Wa tatu alitemewa mate machoni, akakimbia nusu ya mzunguko akiwa kipofu. Papa Ntabarusha alitazama ziwa. Domitille alihesabu hasara kichwani jinsi anavyohesabu mafuta na unga: goti litapona, fulana itashonwa, macho yatasafishwa. Klabu nyingine zilikuwa zimetangulia mbali. Waliobaki nyuma ni wawili tu, Kasha na Kambi, na kwao hiyo ilitosha.

Bulonza alipopokea bomba, Bolumbu alikuwa mbele yake hatua chache. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya mvulana, na alikimbia akigeuza kichwa kila mara kama mtu anayetarajia kupigwa. Domitille aliliona hilo, na hakulijali.

Kwenye kona ya mwisho, pale pale, Bulonza alimfikia. Bolumbu akatupa kiwiko. Kilimpata Bulonza mdomoni na jino likaruka. Watu waliliona likimetameta. Upande wa juu ulipiga yowe. "Bolumbu, mukule mubichi!"

Bulonza akainua bomba, akalishusha juu ya kifundo cha mkono wa mwenzake, mahali hasa alipoonyeshwa.

Kijiti cha mti cha Kambi kilianguka. Bolumbu alisimama, akaushika mkono wake uliokuwa umepinda mahali pasipokunjika mkono. Njia ilikuwa wazi. Mstari wa chokaa ulikuwa pale mbele, karibu kiasi kwamba hata mtoto anayetambaa angeufikia.

"Kimbia!" Domitille alipiga kelele. "Kimbia!"

Bulonza hakukimbia. Aligeuka. Alimpiga Bolumbu begani, na Bolumbu akaanguka chali. Kisha akasimama juu yake, miguu upande huu na huu, damu ikimtiririka kidevuni, akainua bomba kwa mikono yote miwili. Na kabla ya kulishusha alifanya jambo moja dogo: aliangalia kwenye kamba, akimtafuta mama yake.

Domitille aliujua uso ule. Bulonza alipokuwa hajaanza shule, mtoto wa jirani alimng'ata shavu, naye akaja nyumbani analia. Domitille alimfungia mlango. Rudi umupige, alimwambia kupitia tundu la kitasa, ndipo nitafungua. Mtoto alirudi. Alipobisha tena alikuwa na nywele za yule mwingine mkononi, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa yanauliza kama sasa anaweza kuingia ndani. Domitille alimfungulia, akampa kipande cha nyama, akaenda kuendelea na pasi. Miaka yote hiyo aliiita siku ile malezi.

"Mumalize!" Cibalonza alipaza sauti kando yake, mishipa ya shingo imesimama. "Mumalize, Bulonza! Mumalize!"

Sauti ilikuwa ya Cibalonza, lakini maneno Domitille aliyatambua kuwa yake.

"Colombe!"

Jina lilitoka lote, mbele ya spika na jukwaa na mjumbe wa chama. Watu wa karibu wakageuka. Domitille aliinua gauni la Misa, akavuka kamba.

Alikimbia vibaya, kwa viatu vya kisigino, na hakufika kwa wakati wa kuzuia. Alifika kwa wakati wa kuweka mkono. Bomba lilikuwa limeanza kushuka, na lilikutana na mkono wake juu ya uso wa Bolumbu. Alisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

"Colombe," alisema tena, kwa sauti ya nyumbani. "Inatosha. Ingia ndani."

Yalikuwa maneno yasiyo na maana katikati ya uwanja. Lakini binti yake aliyasikia, vidole vikalegea, na bomba likaanguka majanini.

Kengele ya Papa Ntabarusha ikalia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mwamuzi mkuu alikuwa ameona. "Kasha!" alipiga kelele, kidole kikielekea kwenye kamba. "Kasha inatoka!"

Kisha hapakuwa na kamba tena. Watu wa kambi waliteremka na mishipi. Watu wa Kasha walipanda na mawe. Mtu mmoja alianguka na jiwe usoni, mwingine akachapwa mpaka shati likaondoka na ngozi. Jukwaa lilikatika mguu, mjumbe wa chama akatoweka chini ya mbao. Domitille alimshika Bolumbu ukosi kwa mkono mzima.

"Colombe, muvute miguu!"

"Mama, huyu?"

"Muvute, nimesema! Batamukanyaga!"

Walimburuta kati ya magoti na mateke hadi kwenye kibanda cha vifaa, nyuma ya jukwaa. Kabla ya kufunga mlango Bulonza alirudi nje mbio, akarejea na vitu viwili mikononi: kijiti cha mti na bomba.

*

Ndani mlikuwa na magunia ya chokaa na harufu ya panya. Nje, mabati yalipigwa mawe kama mvua ya Aprili. Wote watatu walikaa chini. Walihema.

"Hii mikono lazima tuifunge," Domitille alisema hatimaye. "Ikikaa hivi itapona vibaya. Colombe, pasua fulana yako."

Bulonza aliiangalia fulana ya klabu, ya kijani, jina la Kasha kifuani likiwa limeshonwa na mama yake. "Mama, yote?"

"Yote. Klabu gani tena?"

Msichana aliitoa, akaishika kwa meno yaliyobaki, akaipasua vipande virefu. Alianza na mama yake, lakini Domitille alitikisa kichwa akaelekeza kwa kidevu. Bulonza alisita. Akasogea, akapiga magoti mbele ya Bolumbu, akachukua kijiti cha mti, chepesi, akakilaza chini ya mkono uliovimba. Bolumbu alijikunyata akainua kiwiko kingine kujikinga uso. Alifanya hivyo haraka sana, bila kufikiri, na Domitille alielewa kwamba kiwiko kile kilikuwa na mazoea, na kwamba mazoea hayo hayakuanzia uwanjani.

"Sikupige," Bulonza alisema. "Ninafunga tu."

Kiwiko kilishuka polepole.

Nje, sauti ya mwanamume ilipita ikifoka, "Iko wapi? Iko wapi ule mutoto? Amenitia haya!" Bolumbu aliitambua sauti ya baba yake, akaacha kupumua. Domitille alisogeza mgongo wake ukaegemea mlango. Sauti ilipita, ikaenda.

Bulonza alifunga kipande cha kwanza, kisha cha pili. Halafu akachukua bomba, akalifuta damu kwenye kaptula yake, akaliweka chini ya mkono wa mama yake. Lilikuwa baridi, na urefu wake ulitosha sawasawa kuushika mfupa mahali ulipovunjika.

"Maman," Bolumbu alisema, kwa Kiswahili chake chenye Kilingala ndani. "Ule mutoto wako. Pale nje ulimwita nani?"

Domitille aliangalia mlango, kwa mazoea. Kisha akaacha kuuangalia.

"Colombe."

Msichana alifikiri. Alilamba midomo iliyokauka chokaa.

"Miye niko Bibiane," alisema.

Jiwe moja lilipiga bati, likaviringika, likatulia. Bulonza alirudi kwake, akaugusa ule mkono uliofungwa, akajaribu fundo kwa kidole.

"Inaumiza?"

"Kaza."

Akakaza.