Chavua ya Mchikichi Namba Arobaini

Saa mbili asubuhi mpimaji alichemsha maji, sukari, agari ya kugandishia na chembe ya asidi ya boriki. Uji ule ulipoganda kwenye visahani, alikung'utia juu yake chavua ya mchikichi namba arobaini, akavifunika na kuviingiza kwenye sanduku la joto, nyuzi ishirini na nane.

Mchikichi huo ndio uliomuua kaka yake, mkwezi wa maabara kwa miaka kumi na sita. Mkanda wa kukwelea ulikatika, akaanguka na mfuko wa chavua mkononi. Ripoti ya mkuu wa maabara ilisema alipanda bila mkanda. Mkanda wenyewe haukuonekana tena.

Saa sita mpimaji alichungulia kwenye hadubini. Punje ikiota hutoa mrija, na mrija ukizidi upana wa punje, inahesabiwa. Tisini na mbili kwa mia zilikuwa zimeota. Kwa kawaida mirija hutambaa ovyo. Hii ilikuwa imelala upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na maji. Alipogeuza kisahani, ikajipinda taratibu na kuelekea tena palepale: kwenye kabati la chuma la mkuu.

"Ngapi?" mkuu aliuliza.

"Tisini na mbili. Zote zimeelekea kabati lako."

"Mwelekeo haumo kwenye fomu, dada."

"Najua."

"Basi usinitafutie kazi."

Mkuu alihamishia kabati ukuta wa pili. Kufikia jioni mirija ilikuwa imegeuka. Ijumaa mirija ilitoka chini ya vifuniko, ikavuka sakafu, myeupe kama uzi wa kushonea, ikaingia kwenye tundu la ufunguo. Mama wa usafi aliiinua kwa mpini, akapiga deki chini yake, akairudisha.

"Kaka yako na ubishi wake," alimwambia mpimaji. "Akishika jambo, kashika."

Jumatatu walikuta kabati limefunguka. Mkanda ulikuwa ndani, umekatika kwenye mshono. Kikaratasi chake kilionyesha ulikaguliwa mara ya mwisho miaka tisa iliyopita. Wote watatu waliuona.

"Andika ripoti upya," mpimaji alisema. "Mama yangu haendi tena hata dukani. Watu wanamwambia alizaa mzembe."

"Mpe pole sana mama," mkuu alisema, na alimaanisha. "Lakini ripoti imeshapigwa muhuri."

Akaagiza kitasa kipya. Akaagiza pia fomu mpya, maana mkuu ni mtu wa utaratibu, na sasa zina nafasi ya mwelekeo. Mkwezi mpya hupanda na mkanda ulionunuliwa siku moja na ule.

Kila siku mpimaji huhesabu, kisha huandika: kabati. Mkuu husaini, hufungua kitasa, huisogeza mirija kando kwa kidole asiikate, na kuiweka fomu mahali pake, juu ya mkanda.