Kauli ya Kunawa Mikono

Kwa miaka ishirini na sita nimetunga fumbo la maneno la gazeti hili, na sheria yangu moja haikuwahi kuvunjwa: kitenzi kikiingia kwenye mraba, kiingie uchi. PIGA, si NILIPIGA. SEMA, si WALISEMA. Ukishaanza kukivalisha kitenzi viambishi, hakuna pengo utakaloshindwa kuliziba, na mtungaji wa namna hiyo ni sawa na fundi anayeziba ufa wa ukuta kwa gazeti. Mambo haya sikuyasomea. Shule niliiacha darasa la saba. Kamusi niliisoma kwenye foleni na kwenye mabenchi ya kungojea watu wakubwa, hadi kurasa za herufi M zikachomoka zote na kupotea. Lakini sheria ni sheria, na wasomaji wangu wanaijua.

Jumatatu iliyopita niliivunja kwa makusudi, kwa ajili ya shemeji yangu.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Alikuwa fundi wa mtambo wa kuchapia hapa hapa gazetini, mikono myeusi kwa wino, mdomo haupoi. Mimi nilikuwa msahihishaji, ghorofa moja juu yake. Siku nilipomwoa dada yake alikitangazia kiwanda kizima kwamba kwao wanashukuru, wamepata pa kutupia makelele. Tulikaa miaka saba tukitaniana hivyo. Kisha ikapita miaka ishirini na moja hajakanyaga kwangu wala mimi kwake. Mke wangu alikuwa akienda peke yake na kurudi na salamu ambazo nilijua hakutumwa.

Chanzo ni mgomo. Tulikuwa watu kumi na watatu. Hatukuomba mbingu, tuliomba glavu, na feni ya kutoa nje mvuke wa dawa ya kuoshea mtambo, kwa sababu mafundi walikuwa wanakohoa kama mbuzi wa mvua. Mdomo wa mgomo nilikuwa mimi. Nilipanda juu ya kreti nikasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka yote, pamoja na mahali nilipovuta pumzi. Siku tisa tulikaa nje ya geti. Kila jioni shemeji alikuwa akisimama na kutangaza, "Ndugu zangu, leo tumeshinda." Wenzake wanaitikia, "Tumeshinda nini?" Naye anajibu, "Njaa."

Siku ya tisa, Alhamisi, karani wa utumishi alituma mtu aniite kwa mlango wa nyuma. Alikuwa chumba cha kuhifadhia karatasi, amekaa juu ya bunda. "Wenzako wote wamekataa, wamekwisha," aliniambia. "Umebaki wewe tu wa kuokolewa." Barua alikuwa ameshaiandaa. Ilikuwa na mistari minne, lakini uzito wote ulikuwa kwenye neno moja: nilipotoshwa.

Nikasaini.

Kesho yake nilikuwa kwenye meza yangu, na wale kumi na wawili walikuwa wamepigwa marufuku kuonekana getini. Watu waliambiwa kwamba nimerudishwa na wasomaji. Simu zilipigwa kweli, siwezi kukana. Siku tisa gazeti lilitoka limepindapinda, limechapwa na vibarua wasiojua kushoto wala kulia, na hakuna msomaji aliyeuliza mafundi wako wapi. Walichouliza ni fumbo. Nikaificha barua nyuma ya simu hizo. Hata mke wangu nilimwambia ni simu.

Sasa mapafu ya shemeji yamekwisha. Mwezi uliopita mke wangu alirudi kutoka kwake, akakaa bila kuvua viatu.

"Mzee, kaka hainuki tena kitandani. Fumbo lako analijaza kalala, mimi ndiye namshikia gazeti."

"Bado analijaza?"

"Hajawahi kuacha. Wewe ulidhani ameacha?" Akavua kiatu kimoja. "Kama una neno na kaka yangu, mpelekee."

"Atanifukuza."

"Basi mpelekee mahali ambapo hawezi kukufukuza."

Ndipo nikachukua karatasi ya vyumba, penseli na kifutio. Neno lina herufi kumi na mbili: N, I, L, I, P, O, T, O, S, H, W, A. Nililiweka juu kabisa, mlalo wa kwanza, upana mzima wa mraba. Kidokezo kilinichukua siku tatu. Nilitaka msomaji wa kawaida alipate neno kwa herufi za jirani, na shemeji alipate kwa jeraha. Mwishoni niliandika: *Kauli ya kunawa mikono baada ya mgomo (12)*. Maneno mengine niliyasuka harakaharaka, nikiwa nimechoka, kama mtu anayejenga nyumba ili apate tu pa kutundika picha moja.

Mhariri wetu ni msichana wa rika la binti yangu, ana jicho la kuona nukta iliyokaa vibaya.

"Mzee, mlalo wa kwanza umevaa nguo."

"Nimeona."

"Si wewe uliyenifundisha sheria hiyo?"

"Ndiyo maana naivunja mwenyewe, asije akaivunja mwingine."

"Halimo kwenye kamusi."

"Limo kwenye mafaili ya ofisi hii. Tena kwa wino."

Alinitazama akaona si utani. "Wakipiga simu, utajibu wewe."

Walipiga. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu mmoja ambaye hupiga kila nikikosea, na nisipokosea hupiga kusema bado anasubiri. "Nilipotoshwa? Hata mimi nimepotoshwa, bwana. Kesho utatuwekea *wasingelitupotosha*?" Nilipokea simu kumi na moja siku hiyo. Wote walilalamikia kiambishi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mgomo upi, wala mikono ya nani. Nilishusha simu ya mwisho nikiwa sina hata hasira, na mimi kukosa hasira ni ugonjwa.

Jumatano mke wangu aliniwekea mezani kipande cha gazeti, akakiegemeza kwenye kikombe. "Kaka kasema nikupe. Hakusema lingine."

Kilikuwa fumbo la Jumatatu, limejazwa lote kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama zile herufi za risasi za kuchapia. Nilitazama mlalo wa kwanza. Aliandika TULIPOTOSHWA.

Nikadhani amekosea kwa ugonjwa. Nikatazama wima ya kwanza. Kidokezo changu: *Hufanyiwa kisu kabla ya kukata*. Jibu langu lilikuwa NOA. Yeye aliandika TOA, na ni kweli, kisu kilicho ndani ya ala hakimkati mtu. Wima ya pili: *Kazi ya mshairi*. Mimi nilikusudia IMBA. Yeye aliandika UMBA. Hakuna mahali alipokosea. Aliyekosea ni mimi. Nimetunga mafumbo elfu kadhaa, na katika lile moja lililokuwa na maana nikaacha majibu mawili. Katika kazi hii hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, na simu kumi na moja hazikuiona. Aliiona mtu aliyelala chali.

Kisha nikalisoma neno lenyewe. Tulipotoshwa. Na nani? Nilijua. Na yule aliyepanda juu ya kreti.

Alhamisi nilitoka kazini saa tisa alasiri nikaenda kwake. Nilibisha hodi kama mdai.

"Mlango hauna kufuli, shemeji," sauti ilisema. "Au miaka yote hiyo ulidhani unalo?"

Chumba kilikuwa na kitanda chini ya dirisha, mito mitatu, magazeti yaliyofungwa kwa kamba hadi usawa wa kiuno, na feni ndogo juu ya kigoda. Nilimtazama mikono. Ilikuwa misafi. Tangu nimjue sikuwahi kuiona misafi.

"Umeshindaje, shemeji?"

"Nimeshinda. Kombe tu ndilo sijapewa."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye mwanzo na mwisho, na yote ikaniponyoka.

"Ile *tu* yako nimeielewa," nilisema. "Una haki. Mdomo ulikuwa wangu."

"Wewe bado unajipa ukubwa." Alikohoa, akangoja kifua kimrudishie zamu. "Chumba cha karatasi, sivyo? Karani kakaa juu ya bunda."

"Juu ya bunda."

"Kalamu ya kijani."

Hiyo kalamu sikuwahi kumwambia mtu.

"Akakwambia wenzako wote wamekataa," alisema shemeji, "umebaki wewe tu wa kuokolewa."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi aliniita Jumanne. Nilisaini kabla hajamaliza kusema. Wewe lini?"

"Alhamisi."

"Kumbe nilikutangulia." Alifumba macho. "Mafundi wa mtambo walikuwa wamejaa barabarani, hawakuwa na haja na mimi. Walitaka sahihi tu. Halafu nikasikia wewe umerudi, kichwa juu, wasomaji wamekudai. Nikasema, huyu sasa yuko ndani, faili ameliona, barua yangu ameisoma. Ningekutazama kwa macho gani?"

"Sikuonyeshwa faili lolote. Mimi nilijua wewe ulikataa. Nilijua mlikataa wote kumi na wawili."

"Labda wengine walikataa."

"Labda."

"Utamuuliza nani? Watano tumeshawazika."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitu cha bati. Nilihesabu, kwa sababu mimi huhesabu: miaka ishirini na moja, wanaume wawili, kila mmoja amelinda siri ya mwenye gazeti dhidi ya mwenzake, bila bunduki na bila sare, na yule bwana wala hakuhitaji kutukumbusha zamu. Hasira ilinirudia kidogo. Ilikuja imechoka, inachechemea, lakini nilifurahi kuiona.

"Dada yangu anajua?" aliuliza.

"Hajui."

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia leo."

"Mwambie yangu pia. Mimi pumzi haitoshi." Akafungua jicho moja. "Na fumbo? Si lazima utoe masahihisho?"

"Lazima."

"Usiandike *tunaomba radhi kwa usumbufu*."

Nilichukua penseli yake, nikaandika pembeni mwa kile kipande cha gazeti: *Masahihisho. Katika fumbo la Jumatatu, mlalo wa kwanza una majibu mawili. Yote mawili ni sahihi.* Nikampa. Alikisogeza karibu na pua, kama alivyokuwa akisogeza karatasi ya kwanza kutoka mtamboni.

"*Mawili* umeisema mara mbili," alisema. "Ulikuwa msahihishaji wa nini wewe? Andika *yote ni sahihi*."

Nikafuta neno.

"Sasa nigeuzie hiyo feni."

Niliigeuza. Ilikuwa ya plastiki, imelegea shingo, inapiga kelele kuliko upepo wake. Niliishika shingo ili imwelekee usoni. Ilibidi niendelee kuishika.

"Ndiyo ile tuliyoomba?" nilimuuliza.

"Ndiyo hiyo. Wametuletea." Akavuta pumzi polepole. "Ila glavu bado."