Ukili wa Marehemu Mwanvita

Watu walisema Mwanvita aliuawa na mamba wa Ruvu. Mumewe, Twalha, alisema aliuawa na wakubwa. Si ndio waliochimba kisima, wakakata utepe, wakapigwa picha, na pampu ilipokufa wasionekane tena? Kisima kingetoa maji, mkewe angefuata nini mtoni?

Arobaini ilipopita akaunda kinu cha upepo cha kuvuta maji juu ya kisima kile kile, ili binti yake Adila asiishike njia ya mama yake. Mapanga yake ya kukamata upepo aliyachonga kwa bomba la plastiki, akayasugua mpaka yakateleza kama kambare. Kinu kikazunguka siku za upepo mkali tu. Upepo ukilegea kinasimama kama kimenuna, na Adila anachukua ndoo.

Siku moja panga moja likafanya ufa. Twalha akachukua ukili aliouacha Mwanvita, msuko wa ukindu wa mkeka ambao haukushonwa, akaubandika kwa gundi mgongoni mwa panga, karibu na ukingo unaopokea upepo. Kwa hofu ya nyufa nyingine, akayabandika yote. Alasiri ile, kwa upepo wa kutikisa majani ya mpapai tu, kinu kikazunguka, maji yakatoka.

"Baba, umekifanyaje?"

"Mimi? Mama yako huyo." Akapitisha kidole kwenye ukili. "Panga laini upepo unaliponyoka. Hapa unakwaruzika kidogo, halafu unaling'ang'ania mgongo."

Tangu hapo Adila hakwenda tena mtoni, wala wanawake wa jirani.

Kisha ikaja habari kwamba mgeni rasmi anapita kutoka Makurunge, na anataka kukiona kinu. Kijijini pale mgeni akija hata mawe ya njiani hupakwa chokaa. Twalha alipotoka kuswali Ijumaa alimkuta Mwenyekiti Haidar chini ya kinu, mikono ina rangi. Mapanga yalikuwa yanang'aa rangi za bendera. Ukili ulikuwa chini, umebanduliwa vipande vipande.

"Umefanya nini, Mwenyekiti?"

"Nimekusitiri, mzee Twalha. Tumwoneshe mgeni majamvi mabovu? Atasema tunaishi kama kunguru."

"Hakitazunguka."

"Kitazunguka vipi kikiwa kichafu, kisizunguke kikiwa kisafi? Na wewe!"

Magari yakaingia rangi haijakauka. Upepo ulikuwapo, ule mdogo wa kila siku. Kinu kikatikisika, kikasimama. Mgeni akangoja, akatazama saa.

"Mheshimiwa," Twalha akasema, "wamekibandua ukili..."

"Ukili?" Mgeni akacheka, na waliomfuata wakacheka kwa sababu yeye kacheka. "Kishusheni hiki kabla hakijamwangukia mtu. Pampu italetwa."

"Lini?"

Haidar akamkanyaga mguu. Gari likafungwa mlango.

Mgambo walikiangusha siku ile ile, nguzo wakaikata kwa msumeno.

Asubuhi Adila alisimama mlangoni na ndoo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakumwambia asiende, nyumbani hapakuwa na maji hata ya kutawadha. Akaokota panga moja, refu, linang'aa, akamtangulia. Walipofika ukingoni akaingia mpaka magotini.

"Chota upesi," akasema, akaanza kuyapiga maji kwa panga lile, kulia, kushoto, kwa nguvu zake zote, macho hayabanduki kwenye matope.