Kura ya Maoni ya Perezida Kalisa

Ushirika wa mafundi cherehani wa Gikondo ulikuwa na wanachama sitini na perezida mmoja, yaani mwenyekiti, aitwaye Kalisa, ambaye kwa miaka tisa alichaguliwa bila mpinzani. Mwaka huu mpinzani alipatikana. Aliitwa Trinah Uwineza, mshonaji wa sare za shule, na aliahidi mambo mawili tu: mashine mpya na mikutano mifupi. Ahadi ya pili ndiyo iliyomtisha Kalisa.

Kushindwa kwenyewe hakukumwogopesha. Alichoogopa ni namna ya kushindwa. Ushirika huo haukutumia karatasi. Ulichagua kama mitaa inavyochagua viongozi wake: wagombea husimama mbele, na kila mtu huenda kupanga mstari nyuma ya amtakaye. Mtu wa umri wake, aliyekulia ukimbizini Karagwe na kurudi nyumbani akiwa na cherehani moja, angesimama mbele ya watu na mstari wa watu watano nyuma yake, na mtaa mzima ungeona.

Mlango wa kutokea ulikuwepo. Kama angeondoa jina lake kabla ya Ijumaa adhuhuri, wanachama wangemfanyia sherehe na kumpa ng'ombe, kama anavyopewa mtu aliyewatumikia wenzake vizuri. Mkewe Jolly, ambaye naye alikuwa mwanachama, aliona hakuna cha kufikiria.

"Ondoa jina," alimwambia. "Upumzike. Unarudi nyumbani na ajenda kichwani, unalala na ajenda."

"Na kama ningeshinda?"

"Basi utaendelea kulala na ajenda."

Kalisa akamwita mpwa wake, Ngabo, aliyefanya kazi katika kampuni ya kupigia watu simu na kuwauliza wanapenda sabuni gani. Ngabo alisema jambo hilo lina utaratibu wake. Alichagua majina arobaini kwa bahati nasibu, akaandaa swali moja lisiloegemea upande wowote, akapiga simu kwa siku mbili.

"Asilimia sabini na mbili wako na wewe, mjomba," alisema Jumanne, lakini hakuonekana mwenye furaha.

"Sasa mbona umenuna?"

"Kila nilipojitambulisha walisema, 'Aa, Ngabo wa Kalisa.' Halafu wakaniuliza hali yako. Halafu wakasema watakuchagua wewe. Hapo lazima tupunguze."

"Tupunguze kiasi gani?"

"Kwenye sabuni huwa tunapunguza kumi, watu wanapojua nani anauliza."

"Mimi si sabuni, sha."

"Ndiyo maana sijui tupunguze kiasi gani."

Wakakubaliana kazi hiyo irudiwe na mtu ambaye hakuna anayemjua. Ngabo akamleta Ingrid, mwenzake kazini, msichana wa Niboye mwenye sauti ya upole, ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja Gikondo. Ingrid alipiga simu kwa watu wale wale arobaini. Kila mmoja alimuuliza kwanza yeye ni wa nani. Ingrid alijibu, kama alivyoelekezwa, kwamba hakutumwa na mgombea yeyote. Wote wakaelewa, bila kuambiwa, kwamba ametumwa na Trinah. Maana Kalisa alikwisha kuuliza, na nani mwingine angeuliza tena? Asilimia sabini wakamwambia watamchagua Trinah. Wawili wakamwomba amfikishie salamu.

Alhamisi jioni Kalisa, Jolly na Ngabo walikaa kuzisoma namba hizo.

"Ngabo anauliza, nashinda," alisema Kalisa. "Ingrid anauliza, nashindwa. Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo, mjomba. Wana adabu."

"Adabu ina asilimia ngapi?"

Ngabo alifikiri, kisha akafanya kile walichofanya kazini sabuni mbili zilipogombana: alijumlisha akagawanya kwa mbili. Kalisa alipata hamsini na moja.

"Nimeshinda, basi."

"Kiwango cha makosa ni kumi. Inaweza kuwa arobaini na moja."

"Inaweza pia kuwa sitini na moja."

"Inaweza."

"Basi ni sitini na moja," alisema Kalisa.

Jolly alicheka kwa pua. "Namba haijulikani, lakini ikijulikana itakuwa ile unayoipenda."

Kwa tahadhari, Kalisa aliamua asiondoe jina wala asimwambie mtu matokeo. Alidhani ukimya ni busara. Lakini ushirika mzima ulijua kwamba perezida ametafuta hesabu ya kura, na ulijua kwamba amekaa kimya. Kwenye mashine za cherehani ukimya huo ulisomwa haraka kuliko namba yoyote. Mtu mwenye habari njema hukosa usingizi kwa kutaka kuisema. Ijumaa adhuhuri ilipita, na kwenye kila meza waliamini kwamba mzee atapata mstari wa watu watano, na kwamba ni mkaidi, maskini, hataki kuambiwa.

Jumamosi mchana walikusanyika katika ukumbi wa kanisa. Afisa aliyesimamia uchaguzi aliwaweka wagombea uso kwa ukuta, wasije wakawatisha watu kwa macho. Trinah alikuwa amevaa gauni jipya. Kalisa alivaa koti alilojishonea mwenyewe.

"Haya, kila mtu aende kwa anayemtaka," alisema afisa.

Kwanza hakuna aliyekwenda. Kisha Kalisa akasikia viatu. Alijaribu kuvisoma. Vilivyokuwa vizito alidhani vinaelekea kwake, akafurahi; kisha vikawa vingi upande wa Trinah, vya visigino, na furaha ikaisha. Ngabo, ambaye hakuwa mwanachama, alikuwa ameketi pembeni ya ukuta, mahali ambapo Kalisa angeweza kumwona kwa kugeuza jicho. Lakini Ngabo alifundishwa kazini kwamba uso wa muulizaji haupaswi kuonyesha jibu, na uso wake ulikuwa kama ukuta wenyewe.

Viatu vikaendelea. Mtu alikohoa karibu naye. Mwingine alisema taratibu, "Sogea, sogea." Kisha viatu vikakoma.

"Wagombea, geukeni."

Mstari wa Kalisa ulifika mlangoni na kukunja kona. Afisa alihesabu mara mbili: Kalisa arobaini na mmoja, Trinah kumi na saba. Ngabo alitoa simu akapiga hesabu. Ilikuwa zaidi ya asilimia sabini, nje kabisa ya kiwango chake cha makosa.

Kalisa alimkumbatia aliyekuwa wa kwanza nyuma yake, mama mmoja mzee aitwaye Nyiransabimana.

"Asante, mama. Ulikuwa wa kwanza?"

"Hapa ndiyo, lakini kwanza mimi ilikuwa kule kwa Trinah," alisema Nyiransabimana bila wasiwasi. "Nikaangalia, nikaona kwako hakuna mtu. Nikasema, mzee kama huyu, tutamwacha hivi? Nikakuja. Na hawa wakaniona, wakakuja."

"Hawa wote?"

"Yego. Watu iko na roho nzuri, Perezida."

Kijana aliyesimama nyuma yake aliitikia kwa kichwa. Wa nyuma ya kijana akatazama viatu vyake.

Trinah alikuja kumpa mkono. "Hongera, mzee. Hata mimi nilikuonea huruma pale ukutani," alisema. "Ila mimi nisingeweza kuja kwenye mstari wako."

Ndipo Kalisa alipomwona Jolly. Alikuwa kwenye mstari wa Trinah, wa tatu, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri basi.

"Hata wewe?" Kalisa alimuuliza alipomfikia.

"Mimi nilikuja kuchagua," alisema Jolly. "Wale wengine walikuja kukupa pole."

Afisa akagonga meza na kumuuliza, kama utaratibu unavyotaka, kama anakubali uongozi kwa miaka mitatu mingine. Kalisa aliutazama mstari wake mrefu. Watu arobaini na mmoja walimtazama kwa tabasamu lile ambalo mtu huenda nalo hospitali kumwona mgonjwa, na walionekana kuridhika sana na nafsi zao. Alijua akikataa atawaaibisha wote, mmoja mmoja, mbele ya wenzao.

Akawaonea huruma. Akakubali.