Wakianza Wazee

Kama hujawahi kuchapwa kwa Injili, basi hujasali na Jumuiya ya Mtakatifu Monika, Koboko. Watu wa Arua mjini, maskini, hugombana kwa maneno yao wenyewe. Wa Monika walikuwa na Mateo, Marko, Luka na Yohane, na waliwatumia wote wanne.

Kila Alhamisi jioni walikutana nyumbani kwa mmojawao wakasoma Injili ya Jumapili inayokuja. Walisoma kwa Kiswahili, kwa sababu Mkakwa, Mlugbara, Mkongo na mtu wa Sudani Kusini wakikaa mkeka mmoja, Kiswahili ndicho kinachowaudhi wote sawasawa. Kisha kila mtu alitaja neno lililomgusa. Ajabu ni kwamba neno halikumgusa msemaji hata siku moja. Lilimruka likamtua jirani.

Mwaka huo jirani wa wote alikuwa Agnes Keji.

Keji alivuka mpaka kutoka Sudani Kusini kabla ya Majilio, tumbo mbele, mume nyuma. Mume, Duku, alirudi kumchukua mama yake mzee, na tangu hapo hakuna simu wala salamu. Keji akapata kazi ya kufagia duka la Hakim, Mwislamu mpole muuza nguo, naye akampa stoo ya kulala. Jumuiya iliposikia "stoo", ikafumbua macho.

Ilipofika Injili ya Maria kwenda kumtembelea Elizabeti, Mama Santa, bibi mkubwa kuliko wote pale, alikunja mikono kifuani.

"Neno iliyonigusa ni 'kwa haraka'," alisema. "Maria alikwenda kwa haraka. Mwanamke wa mimba akitembea mbio, ujue iko mutu anamungojea."

"Amina," wakaitikia.

Kwa Injili ya Jumapili ya Familia Takatifu, Yesu anapotafutwa hekaluni, aliguswa Afande Saturnino, askari mstaafu. "Yesu ilikuwa na baba wawili," akasema, "na wote wawili wanajulikana. Watoto wengine, hata moja ni shida."

Walicheka mpaka mkeka ukatikisika. Keji naye alicheka, maana asiyecheka ndiye aliyechomwa.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana, macho ya Duku kabisa. Wakamwita Sitti kichinichini, jina la Kiislamu ambalo mama yake hakulitoa. Na bado kila Alhamisi Keji alirudi. Alirudi kwa ajili ya Viktoria.

Viktoria alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mama wa mikono mipana. Ndiye aliyempokea mtoto siku ile ya kuzaliwa, na kabla hata ya kumfuta damu alisema, "Huyu nitamsimamia mimi." Padri angekuja kubatiza Pasaka, na sharti lilikuwa moja: mbele ya katekista, mtu wa jumuiya asimame amkubali mtoto. Kwa Keji haikuwa habari ya maji tu. Upande huu wa mpaka hakuwa na shangazi, hakuwa na dada, hakuwa na hata adui wa ukoo. Alijua kwamba mtu akishasimama na mtoto kisimani pa ubatizo, hawezi tena kumpita njiani kana kwamba amepita mbuzi. Koboko nzima, alitaka mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Basi ikafika Alhamisi ya kuwasimamia watoto, Kwaresima ikielekea mwisho, nyumbani kwa Viktoria. Injili ilikuwa ya mwanamke aliyefumaniwa. Wanawake waligusana viwiko kama watoto walioona nyama sufuriani. Katekista Kasimiro, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na shingo yake, alisoma taratibu. Asiye na dhambi kwenu awe wa kwanza kumtupia jiwe. Wakatoka mmoja mmoja, wakianza wazee.

Watu wakamtazama Keji kwa upendo mkubwa wa Kikristo.

Siku hiyo hakuna aliyeguswa. Keji alishukuru moyoni; alidhani wamechoka. Mtoto alikuwa mapajani mwa Viktoria, ananyonya kidole cha Viktoria.

"Tuendelee," akasema Kasimiro. "Mtoto wa Agnes Keji. Nani anasimama?"

Viktoria akavuta pumzi. Mama Santa akamtangulia kwa kikohozi.

"Mwalimu, mimi mutu wa kwanza hapa kwa miaka," alisema. "Neno ya leo imeniua. Mimi iko mkosefu. Nitasimama namna gani na mtoto wa mutu?" Akaokota fimbo yake, akajipiga kifua mara moja, akatoka uani akichechemea.

Hakumtukana mtu. Hakukataa mtu. Jumuiya ilikaa ikiutazama mgongo ule, na taratibu ikaanza kuuonea wivu.

"Hata mimi, Mungu anajua," akasema Saturnino akisimama. "Vita nimepigana mingi. Na si vita tu." Mlangoni akageuka, meno nje. "Lakini nyinyi, sikieni. Sasa mutu ile itabaki, yeye iko malaika?"

Hapo mambo yakaisha. Nani akubali kuitwa malaika mbele ya majirani? Waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja na kifua chake cha kupiga. Tangu jumuiya ile iundwe haijapata kuvuna wakosefu wengi hivyo kwa jioni moja. Mwingine alitoka hata kabla ya kufikiria dhambi yake ni ipi.

Alibaki Viktoria.

"Mama," Keji alimwita.

Viktoria alikuwa anatazama nje. Nje, kwenye ua wa miiba, walikuwa wamesimama wote wanangoja.

"Mama, ulisema."

"Nilisema, mwanangu." Akachomoa kidole chake kinywani mwa mtoto, akamlaza mkekani polepole, kama mtu anayetua yai. Akasimama. Kwa kuwa alikuwa kwake, hakuwa na pa kuondokea. Basi akaingia ndani, akafunga mlango. Komeo lililia.

Nje mtu alicheka, akanyamazishwa.

Keji akamgeukia katekista. "Wewe je, mwalimu? Simama wewe."

"Mimi?" Kasimiro alikuwa anafunga kitabu. "Mimi nasoma tu, Keji."

"Na Pasaka?"

"Pasaka inarudi kila mwaka. Mwakani tutaona." Akamtazama kwa huruma iliyompendeza mwenyewe, akainua kidole. "Wala mimi sikuhukumu. Enda zako." Akatoka haraka, anataka kuwapata wenzake njiani awaulize walionaje usomaji.

Keji alimfunga mtoto mgongoni. Sauti ya Viktoria ikapenya katikati ya mbao za mlango, ndogo, ya upole:

"Keji. Kunja mkeka, mama. Weka hapo mlangoni."

Keji aliinama. Mtoto alikuwa amekojoa mkekani, tena vizuri. Akaukunja mkeka kwa adabu, unyevu wote ukabaki ndani, akauegemeza pale pale alipoagizwa.