Hajambo, Tunamshukuru Mungu

Bwana wa bima alikuja mchana, kabeba mfuko wa machungwa na tabasamu la mkopo. Msusi alimpokea kama alivyolelewa kupokea wageni. Alimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, akavuta kiti, akageuza feni imwelekee mgeni.

"Mgonjwa anaendeleaje?" bwana akauliza.

"Hajambo, tunamshukuru Mungu. Anaendelea vizuri tu."

Simu ya bwana yule ilikuwa mfukoni mwa shati, inarekodi kila neno.

Mgonjwa mwenyewe, mume wa msusi, alikuwa chumba cha pili, amekaa kando ya sufuria iliyokauka maji, anasubiri chai. Alikuwa fundi rangi, na fundi kwelikweli, mpaka siku alipopandishwa kwenye jukwaa lenye ubao uliooza. Msimamizi wa kampuni ya ujenzi aliyoifanyia kazi aliambiwa asubuhi hiyohiyo, mbele ya mafundi wote, kwamba ubao haufai. Akajibu kwamba asiyetaka kupanda aende kwao. Fundi akapanda, ubao ukakatika, akafikia kichwa. Hospitali walimrudisha anatembea kwa miguu yake, sura ileile, kovu limefunikwa na nywele. Mtu ukimtazama unasema kapona. Lakini alikuwa akipotea kati ya chumbani na chooni. Jambo la asubuhi mchana hana habari nalo. Na hasira zilimpanda ghafla, yeye ambaye zamani hata kuku alikuwa hamfokei.

Siku moja akili zilipomtulia alimshika mkewe mkono, akalia. "Usiwaambie watu," akasema. Msusi akaahidi, na ahadi akaishika kwa meno. Rafiki za mumewe wakija, amelala. Wateja wakiuliza, anatafuta kazi nyingine. Mwanamke aliyejua siri za nusu ya mtaa na hajatoa hata moja, angetoa ya nyumbani kwake?

Kampuni ikaleta salamu: mzee kapona, wapokee mkono wa pole, yaishe. Hapo msusi akapandwa na mori, akaenda kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuzunguka. "Njia ziko mbili, dada. Mnaweza kuchukua fidia ya ajali kazini. Hiyo ni ndogo, haiulizi nani mwenye kosa, na hawa watawataka msaini kwamba mmemalizana. Au tuwashtaki kwa uzembe, tudai matunzo yake ya maisha. Ila muda wa kushtaki una mwisho, usikae sana ukifikiria."

"Tuwashtaki. Ubao si walijua umeoza?"

"Walijua, na mashahidi ninao. Ubao haunisumbui. Unanisumbua wewe."

"Mimi?"

"Mtaa mzima unaamini mumeo hana tatizo. Umemsitiri mpaka kampuni imepata pa kujificha. Itabidi useme mahakamani, kila kitu, na yeye yupo."

Msusi alinyanyuka, akaaga, akafika mlangoni. Akarudi kukaa. "Fungua kesi," akasema. "Hayo ya kusema tutayaona hukohuko."

Siku ya kesi fundi aliamka vizuri, na hilo ndilo lilikuwa balaa. Shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Alipopanda kizimbani alimwamkia hakimu kwa adabu zote, kisha akatazama juu. "Mheshimiwa, aliyepaka dari hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Watu wakaangua kicheko, na hakimu mwenyewe akainamisha uso. Wakili wa kampuni hakumuuliza swali lolote la maana. Ya nini, wakati mtu anajimaliza mwenyewe kwa uchangamfu?

Ikafika zamu ya msusi. Wakili wa kampuni akafungulia ile sauti iliyorekodiwa na bwana wa bima yao, kila mtu akaisikia: hajambo, tunamshukuru Mungu.

"Ni sauti yako, mama?"

"Yangu."

"Kwa hiyo mumeo ni mzima."

Damu ikamchemka msusi. "Asubuhi hapo nje umeniuliza habari, nikakujibu nzuri. Usiku sikulala, na nimeletwa hapa niitwe mwongo. Hiyo ndiyo nzuri niliyokupa! Nani humu ndani akijuliwa hali husimulia shida zake? Wewe ukija kwangu na machungwa nikutapikie ya moyoni?"

Mafundi waliojaa mabenchi ya nyuma wakaguna kumuunga mkono. Wakili wa kampuni hakutikisika hata kidogo.

"Vizuri. Basi leo si salamu, mama. Tueleze, ana nini?"

Msusi aligeukia mabenchi. Alimwona mumewe amekaa mbele, shati lake safi, na nyuma yake wenzake wote aliowafundisha kushika brashi. Akaikumbuka ahadi. Aliona wazi kwamba akinyamaza kampuni inatoka inacheka, na akisema, mwanamume huyu hatatembea tena mtaani kichwa juu. Aliwachukia wote kwa kumfikisha hapo.

Fundi akasimama. Karani alitaka kumkalisha, hakimu akamzuia kwa mkono.

"Waambie, mke wangu," fundi alisema. "Sema yote, na mimi nisikie. Mimi sikumbuki."

Msusi akafuta uso kwa kiganja, akaanza. Alisema ya sufuria na ya chooni. Alisema ya usiku mumewe alipomuuliza yeye ni nani na anafanya nini kitandani mwake. Hakupunguza wala hakutia chumvi, na macho aliyakaza kwa wakili wa kampuni. Alipofika kwenye kigoda ambacho fundi alimrushia binti yao kwa sababu mtoto alicheka, mumewe alimkatiza kwa sauti kubwa.

"Kilimpata?"

Msusi alikuwa na jibu la kumfariji tayari mdomoni, kama kawaida yake. Akalimeza.

"Kilimpata, mume wangu. Begani."

Fundi akakaa, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Wakili wa kampuni akasema hana maswali zaidi.

"Mimi bado sijamaliza," msusi akamwambia. "Kaa usikilize."