Madumu Yaliyohudhuria Mkutano

Wewe tangazo uliliona. Usibishe. Ulipita pale ukutani, ukasoma nusu, ukajifanya una haraka. Lilisema wasipofika wakazi thelathini kupinga, fedha za umma za kubadilisha mabomba ya mtaa wa chini zitahamishiwa chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi ya maji. Jumanne, saa nne asubuhi.

Saa nne, ndiyo saa bomba pekee la mtaa linafunguliwa! Mwaka wa saba huu mikutano yao inaangukia saa ya foleni, na kila mara kumbukumbu zinaandikwa: wakazi hawakuwa na maoni.

Fundi cherehani mmoja, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alikuwa amechoka. Mabomba yale yaliyooza yalivuta maji ya mtaro, na mama yake mzazi alikwisha kulazwa mara mbili. Mara ya tatu hakutaka hata kuiwaza.

Sasa, kwenye foleni dumu humshikia mwenyewe nafasi, na hakuna anayethubutu kuliruka. Sindano akakusanya madumu yaliyotoboka, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi, akayapakia kwenye mkokoteni. Wifi yake akamuuliza kama atayapaka na poda. Akajibiwa asukume, umbea baadaye.

Mwenyekiti alipoingia ukumbini alikuta madumu thelathini na sita yameketi, mengine yameinama kama yanasinzia, na Sindano amesimama nyuma yao.

"Mama, mkutano huu ni wa watu."

"Watu umewapangia foleni, mheshimiwa. Hawa wanatuwakilisha."

"Dumu litapinga vipi?"

"Basi andikeni hayana maoni, kama mnavyotuandika sisi."

Katibu alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Lakini kwenye mahudhurio aandike nini? Akiandika sifuri, mpiga picha wa gazeti alikuwa dirishani, keshapiga. Akiandika thelathini na sita, kwaheri chemchemi. Mwenyekiti akajifuta jasho, akaahirisha mpaka Alhamisi, saa kumi jioni.

Saa kumi bomba huwa limefungwa, foleni hakuna. Na madumu yamepigwa marufuku mlangoni, kwa barua yenye muhuri. Wanatakiwa watu thelathini wenye pumzi. Sindano amepata kumi na tisa. Alhamisi ni kesho. Inuka, mpitie jirani yako, kakalieni vile viti.